Vishikwambi Kumi na Viwili vya Ha Rasekoai

Jumatatu, 12 Agosti

Siku kubwa katika historia ya Shule ya Msingi Ha Rasekoai. Kubwa pia katika historia yangu, ambayo ilianza mapema zaidi.

Gari la ofisi ya elimu lilipanda mlima likiwa na minyororo kwenye magurudumu, theluji ikiwa bado imelala vivulini. Likashusha sanduku moja. Ndani: vishikwambi kumi na viwili! Vyeusi, vinang'aa, kila kimoja kwenye mfuko wake kama mtoto mchanga ndani ya blanketi.

'M'e Mapuseletso, mama yetu mwalimu mkuu, alituita ofisini walimu wote wanne, akasoma barua. Serikali inataka watoto wafundishwe kwa TEHAMA. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na mbili, atakuja Ntate Ramoholi, bwana afisa elimu wa wilaya, kuangalia somo. Shule itakayoonekana inavitumia itabaki navyo. Shule itakayovifungia kabatini itanyang'anywa, na vyetu vitavushwa mto hadi shule ya Ha Tlali. Akauliza ni nani kati yetu anayevijua vitu hivi.

Nilisimama kabla hajafika mwisho wa swali. Ausi Limpho, dada mwalimu mpya, mwenye miezi mitano tu tangu atoke chuoni, alikuwa ananyoosha mkono. Kunyoosha mkono! Kama mwanafunzi. Nikaeleza kwamba nina cheti cha kompyuta kutoka Maseru. Kweli tupu. Mafunzo ya siku tatu, mwaka 2009. Siku mbili umeme ulikatika, lakini cheti hakikukatika.

Nimeteuliwa Mwalimu wa TEHAMA. Nimepewa ufunguo wa kabati. Nimeutundika shingoni, juu ya blanketi ninalovaa, si chini yake.

Nyumbani mke wangu 'Mamohau akauliza kama najua hata kuviwasha. Nikamwambia mambo ya kitaalamu hayajadiliwi mbele ya sufuria. Akasema basi na sufuria isijadiliwe. Nimelala na bakuli la uji mchachu wa asubuhi, wa baridi. Haidhuru. Watangulizi wote hupitia haya.

Jumanne, 13 Agosti

Somo la kwanza la TEHAMA katika historia ya bonde hili! Darasa la saba, watoto ishirini na wanne. Walikuja wamenawa mikono hadi viwikoni, katika baridi hii. Wengine walikuwa wamepaka mafuta ya nywele.

Niliweka kishikwambi kimoja mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, na kuwaamuru wakae mbali nacho hatua tatu. Kisha nadharia, dakika arobaini. Ubaoni: Sehemu za kishikwambi. Mbele. Nyuma. Pembeni (ziko nne). Nikakichora kwa rula. Mstatili safi sana. Miaka ishirini na mbili ya kufundisha, sijawahi kuchora mstatili kama ule.

Reitumetse, binti anayekaa mbele na asiyejua kunyamaza, aliuliza watavigusa lini. Nikamjibu kwamba daktari husoma miaka saba kabla ya kumpasua mtu. Akafikiri. Akauliza kwa adabu zote iwapo katika miaka hiyo saba daktari hapati hata kumwona mgonjwa akiwa macho. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wao, ili kicheko kiwe changu.

Mchana Ausi Limpho alikuja kuomba vishikwambi sita kwa ajili ya somo la hesabu za sehemu katika darasa la tano. Nilikuwa nimemtazamia. Nikampa fomu. Nimeitunga mwenyewe kwa mkono, maswali kumi na moja. Swali la saba: Eleza kwa kirefu kwa nini chaki imekushinda.

Alikaa kwenye benchi akaijaza yote. Yote! Swali la saba alilijaza hadi nyuma ya karatasi. Nikaisoma, nikakohoa, nikamwambia inatakiwa nakala tatu.

Jumatano, 14 Agosti

Wakati wa chakula nilijifungia ofisini peke yangu na kishikwambi kimoja. Si kwamba sikujua. Nilitaka kukumbuka.

Kitufe kiko pembeni, upande wa pili kati ya zile nne. Nikakibonyeza. Kikanguruma mkononi, kikang'aa, kisha mwanamke aliye humo ndani akanisalimia kwa Kiingereza kizuri sana. Nilivua kofia kabla sijajua ninafanya nini. Nikamwitikia. Akanyamaza. Nikaona ni mtu wa heshima, tutaelewana.

Nikaanza kugusagusa. Kuna picha ya gurudumu lenye meno. Nikaligusa. Ikaja orodha ndefu. Nikateleza chini, nikagusa hapa, nikagusa pale, nikakuta orodha nyingine, nikateleza tena hadi mwisho kabisa, nikagusa.

Loh!

Maneno yote yakageuka. Kioo kizima kikajaa herufi za mviringo, nzuri za kupendeza, za watu wa mbali sana. Sijui hata moja. Nikakizima. Nikakiwasha. Bado. Nikakitikisa kidogo. Bado. Yule mwanamke naye, nilipobonyeza kitufe tena, alinisemesha kwa lugha hiyo hiyo, haraka haraka, kama mtu aliyekasirika.

Hapo mlango ukagongwa. Ausi Limpho, na nakala zake tatu. Nikafungua nikiwa nimekificha nyuma, lakini kioo kilikuwa kinaakisi kwenye dirisha. Akauliza ni maandishi gani yale. Nikamwambia ni hali ya kitaalamu, kwa mafunzo ya juu.

"Ntate Seabata," akasema polepole, kama anazungumza na mgonjwa, "hiyo ni lugha tu. Umebadilisha lugha."

Nikamjibu kwamba aliyebadilisha ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua. Akaomba akishike kidogo. Nikakifungia kabatini. Akabaki amesimama anaangalia ufunguo wangu. Wivu ni kitu kibaya kwa vijana.

Ijumaa, 16 Agosti

Jana sikuandika kwa sababu ya hasira. Ausi Limpho amezipeleka zile nakala tatu kwa mwalimu mkuu mwenyewe! 'M'e Mapuseletso ameagiza kwamba Jumatatu apewe vishikwambi sita bila fomu. Akaongeza, mbele ya watu, kwamba swali la saba halikuwa la kiungwana.

Basi nikakaa, nikafikiri. Na wazo likaja. Wazo zuri hadi nikasimama peke yangu ofisini.

Kishikwambi kimoja kikiwa katika zile herufi za mviringo, Ausi Limpho hawezi kukisoma. Vikiwa kumi na viwili, hawezi kukisoma hata kimoja! Atavishika Jumatatu, atashindwa mbele ya watoto, atavirudisha kwa mwenye elimu navyo.

Nilikuwa nimeikumbuka njia. Gurudumu, chini, picha ya tatu, mstari wa kwanza, teleza hadi mwisho, gusa. Nikakaa na vile kumi na kimoja vilivyobaki. Cha kwanza dakika sita. Cha tano dakika moja. Kufikia cha kumi vidole vilikuwa vinaruka vyenyewe. Kama kungekuwa na mashindano ya kitendo hiki, sidhani kama Lesotho nzima ina wa kunifikia.

Na kuna wanaosema sijui TEHAMA!

Jumamosi, 17 Agosti

Wazazi wamefunga paneli ya sola kwenye paa la darasa la saba. Waliipandisha kutoka barabarani kwa punda wawili, betri juu ya punda mmoja, paneli juu ya mwingine, imefungwa kwa mablanketi yao wenyewe. Wanaume wakatembea nusu ya njia mabega wazi katika upepo ule. Mimi nilisimamia. Nilionyesha jua liko upande gani.

Kazi ilipoisha, babu yake Reitumetse, mzee aliyekula miaka thelathini kwenye migodi ya Afrika Kusini, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema kule mgodini waliotumia mashine walikaa juu wakapata joto, na wasiojua mashine walishuka chini. Akasema mjukuu wake hatashuka chini, na ananishukuru mimi.

Hakuachia mkono upesi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, vitu viko kwenye mikono salama. Nilijivuna sana. Lakini maandazi ya makoenya niliyopewa na akina mama nilishindwa kuyamaliza. Nadhani yalikuwa na mafuta mengi.

Jumatatu, 19 Agosti

Ushindi!

Saa tatu asubuhi nikamkabidhi Ausi Limpho vishikwambi sita, mbele ya darasa la tano, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni. Akawasha cha kwanza. Akawasha cha pili. Akavipanga vyote sita mezani na kuviangalia. Kisha akaniangalia mimi. Nikaangalia dari.

Akasema anaweza kuvirekebisha, ila anahitaji simu yake. Simu za walimu hukaa kwenye droo ya mwalimu mkuu hadi mchana, na sheria hiyo niliipendekeza mimi mwenyewe mwaka juzi. Nikaikumbusha hadhara. Nikasema pia kwamba mtaalamu wa kweli hahitaji simu ili kuendesha kishikwambi, kama mpishi asivyohitaji chungu cha pili ili kupikia chungu cha kwanza. Watoto wa darasa la tano walinielewa vizuri sana.

Nikavikusanya. Vimekaa mikononi mwake dakika nne kwa saa yangu.

'M'e Mapuseletso aliniita pembeni. Akasema, sawa, Ntate, kama ni wewe tu unayevimudu, basi somo la Alhamisi mbele ya afisa ni lako peke yako. Watoto wawili wawili, kila jozi na kishikwambi chake, vimewashwa, wanafanya kazi. Akasema shule nzima imenitegemea.

Mimi peke yangu! Mbele ya Ntate Ramoholi! Nimemweleza 'Mamohau. Ameuliza watoto watafanya kazi kwa lugha gani. Sikujua habari zimefika hadi kisimani.

Jumanne, 20 Agosti

Nilikwenda mapema kuvirudisha katika Kiingereza. Jambo dogo. Njia ni ile ile, unaipita kinyume.

Haipitiki kinyume.

Gurudumu lipo. Chini, ipo. Lakini picha ya tatu sasa siyo ya tatu, au mimi nimehesabu kutoka upande mwingine, maana maneno yamekuwa marefu na yamesukuma kila kitu. Nimegusa mistari yote. Kimoja sasa kinapiga kelele kama jogoo kila baada ya dakika tano. Kingine kimepinduka, kinasomeka kichwa chini, kama kingekuwa kinasomeka. Kingine kimenipiga picha. Nimejiona: mdomo wazi, kofia upande. Sijui kuifuta.

Watoto walichungulia dirishani. Reitumetse aliuliza kama wanaweza kusaidia. Nikawafukuza wakacheze mpira. Wakacheza mpira chini ya dirisha.

Jumatano, 21 Agosti

Siku moja imebaki. Nimepanda farasi hadi juu ya kilima cha zizi la mfugaji Ntate Lepheana, kwa sababu hapo ndipo simu inashika mtandao. Upepo kama kisu. Nimempigia binamu yangu wa Maseru, anayefanya kazi katika duka la simu.

Nikamweleza, kwa niaba ya mwalimu mwenzangu. Akacheka hadi nikasikia wateja wake wakiuliza kuna nini. Akasema ni rahisi sana, mwambie huyo mwenzako aende kwenye Mipangilio, kisha Lugha. Nikamwuliza Mipangilio ni ile ipi. Akasema ile iliyoandikwa Mipangilio.

Nikakata simu.

Niliporudi, Ausi Limpho alikuwa ananisubiri kwenye lango la shule. Hakucheka. Laiti angecheka. Akasema, "Ntate, nipe nusu saa tu. Wewe na mimi, hatuambii mtu. Kesho usimame nao mbele, mimi nitakaa nyuma. Mimi sitaki sifa. Nataka wale watoto wasinyang'anywe."

Kwa muda wa pumzi moja, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma, mkono wangu ulipanda hadi kwenye ufunguo.

Kisha nikafikiri: nusu saa? Yaani kazi iliyonishinda mimi siku mbili, yeye nusu saa? Nikamwambia kila kitu kiko tayari. Akainamisha kichwa, akaondoka. Nikamwonea huruma. Ni vigumu kufanya kazi chini ya mtu mwenye uzoefu.

Mpango wa kesho: vishikwambi vitakaa mezani, vimezimwa, vimepangwa kwa ustadi mkubwa. Nitafundisha nadharia. Ntate Ramoholi ni mtu wa zamani kama mimi. Mstatili ule utamgusa.

Alhamisi, 22 Agosti

Lazima niandike yote, kwa utaratibu, kwa ajili ya watakaokuja.

Afisa alifika saa nne, blanketi la heshima begani, daftari mkononi. Darasa la saba wote wamesimama. Nje, kwenye madirisha, wazazi. Babu yake Reitumetse alikuwa amepewa kiti.

Nilianza vizuri. Mbele, Nyuma, Pembeni. Mstatili ulitoka safi kuliko ule wa kwanza. Ntate Ramoholi aliuangalia, akauliza watoto wanaviwasha saa ngapi. Nikasema baada ya miezi michache ya msingi imara. Akasema, bila hasira yoyote, "Viwasheni sasa."

Watoto wakaviwasha. Ishirini na wanne, wote kwa pamoja, kitufe wakakijua papo hapo ingawa sikuwa nimekifundisha. Mwanga ukawapiga usoni. Kile cha jogoo kikawika.

Afisa akachukua kimoja. Akakigeuza. Akachukua cha pili. Akaniuliza ni lugha gani hii. Nikamwambia ni hali ya kitaalamu. Akaniuliza tena. Nikamwambia niliyokwisha kumwambia. Akafungua daftari. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusoma. Aliandika "vimeharibika" na baada yake akaanza neno "vihamishwe". Nyuma ya dirisha, mzee yule alisimama kutoka kwenye kiti chake. Akavuta blanketi lake shingoni.

Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ubao. Naandika ukweli.

Hapo Ausi Limpho akaingia. Akapiga magoti kidogo kwa heshima, akaomba ruhusa ya dakika ishirini, kisha akamwomba mwalimu mkuu simu yake kutoka kwenye droo. 'M'e Mapuseletso alikuwa tayari ameishika mkononi. Nadhani alikuwa ameishika tangu asubuhi.

Akaishika simu juu ili darasa lote liione. Akasema, simu hii na hivyo vishikwambi ni ndugu. Maneno ni tofauti, lakini vitu vimekaa mahali pale pale. Msisome. Angalieni kila kitu kimekaa wapi. Akagusa gurudumu kwenye simu yake, akawauliza, gurudumu lenu liko wapi?

"Hili hapa, 'M'e!"

Akauliza, langu hapa lina mstari wenye alama ya duara na herufi i ndani. Ninyi je? Vidole vikakimbia. Mmoja akasema ni wa pili kutoka chini. Mwingine akasema mwongo wewe, ni wa tatu. Wakahesabu upya, wakigombana, wakisukumana. Kwa kuwa hawakuweza kuyasoma maneno, wakayapa majina. "Gusa palipoandikwa Farasi Amelala!" "Siyo hapo, hapo ni Sufuria Mbili!" Jozi moja walipotea kabisa, wakaingia kwenye Kifaransa, na darasa zima likaenda kuwatoa. Afisa alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameinama kati ya wavulana wawili, kidole chake nacho kinatafuta Farasi Amelala.

Wakafika kwenye orodha ndefu ya mwisho. Ausi Limpho akawaambia, hapa kila lugha imejiandika kwa herufi zake yenyewe. Teremkeni polepole. Nani anaona neno analolijua?

Vidole vinateremka.

Kisha wakapiga kelele! Wamekiona Kiingereza, jozi baada ya jozi, wakakishangilia kama baba aliyerudi kutoka mgodini. Reitumetse peke yake hakupiga kelele. Yeye alikuwa ameendelea kuteremka. Akasimama, akakishika kishikwambi kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilifika dirishani:

"'M'e, na sisi tumo humu. Imeandikwa Sesotho."

Nitasema nini? Wazazi waliingia. Hakuna aliyewakaribisha. Yule mzee alipita katikati ya madawati akaomba aonyeshwe, na mjukuu wake akamwekea kidole chake juu ya neno. Nilikuwa na kitu jichoni. Vumbi la chaki, na mimi ndiye nilikuwa nimechora.

Ntate Ramoholi akafuta mstari mzima katika daftari lake. Akasema amekagua masomo miaka kumi na minne, hajaona watoto wakitafuta kitu namna ile. Kisha akauliza: wazo la kuviweka vyote katika lugha wasiyoijua, ili watoto watafute njia wenyewe, lilikuwa la nani?

Nikasimama. Yaani, nilikuwa nimesimama tayari. Nikasogea mbele hatua moja.

"Langu," nikasema.

Mwalimu mkuu akaziba mdomo kwa ncha ya blanketi. Afisa akamgeukia Ausi Limpho, akamwuliza kama ni kweli. Ausi Limpho aliniangalia. Nilihesabu pumzi zangu tano.

"Ni kweli, Ntate," akasema. "Bila Ntate Seabata, somo hili lisingekuwepo."

Watoto wakaangua kicheko, na wazazi, na mwalimu mkuu. Walicheka hadi kile cha jogoo kikawika tena, wakacheka upya. Furaha iliyoje shuleni kwetu! Nami niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ijumaa, 23 Agosti

Vishikwambi vinabaki Ha Rasekoai. Imeandikwa, imetiwa muhuri. Mwezi ujao Ausi Limpho anakwenda Maseru wiki mbili kwa mafunzo, na tangu leo ndiye Mwalimu wa TEHAMA. Nilivua ufunguo nikampa mwenyewe. Akafungua kabati nao, kisha akautundika kwenye msumari ukutani, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza anaufikia! Tangu asubuhi watoto wameshika vishikwambi kwa mikono yao yote. Darasa la tano wanagawanya keki za kuchorwa. Reitumetse anamrekodi babu yake akisimulia habari za mgodi, na mzee amevaa kofia yake nzuri kwa ajili hiyo.

Ausi Limpho alinipa chai, akaniuliza kama ningependa kukaa naye mchana anifundishe mambo mawili matatu. Yaani yeye anifundishe mimi. Nilimshukuru. Nikamwambia nitaangalia nafasi.

Maana nafasi sina. Maneno ya afisa sikuyasahau: hajaona namna ile kwa miaka kumi na minne. Njia ile ni yangu. Yeye mwenyewe Ausi Limpho ameshuhudia mbele ya hadhara. Itakuwa ubinafsi kuiacha ndani ya bonde hili moja.

Kwa hiyo leo nimemwandikia barua Ntate Ramoholi, kurasa nne, mwandiko wa kuunganisha. Nimejitolea kuwa mshauri wa TEHAMA wa wilaya nzima. Nimeomba vishikwambi vya shule zote vikusanywe na kuletwa kwangu kwanza, nivitayarishe. Kwa kasi yangu, vyote mia tatu na sitini vya wilaya havitanichukua siku tatu.

'Mamohau ameisoma barua yote. Ameikunja vizuri, ameiweka mezani, ametoka nje, na sasa ni robo saa bado namsikia akicheka na majirani. Fahari ya mke kwa mumewe ni kitu kizuri kukisikia.

Nitaipeleka posta kesho asubuhi mwenyewe, kwa farasi. Nimetia saini mara mbili, wasije wakasema hawakuona jina.